Kwenda Tokyo na mama: ndege gani, daraja gani, na pesa ziwekwe wapi

*"Mwezi wa kumi nitampeleka mama Tokyo, kwa mdogo wangu wa kike aliyejifungua. Mama ana miaka 67, ana presha inayotulizwa na dawa, na magoti yanamsumbua. Mimi nina urefu wa sentimita 188. Tutaruka kwa muda wa saa tano na nusu hadi Doha, tusubiri saa tatu, kisha tuunganishe ndege ya saa kumi hivi hadi Tokyo. Hiyo ya pili inaondoka Doha saa nane usiku. Daraja la biashara ni karibu mara nne ya bei ya daraja la kawaida, na nikilikata litameza akiba yangu yote. Shemeji anasema daraja la kawaida linagandisha damu, nisithubutu kumpandisha mtu mzima huko. Rafiki yangu anasema nitafute tu shirika lenye nyota tano, mengine hayana maana. Wakala naye ananitajia daraja la kati. Kila mmoja ana lake na mimi nimebaki njia panda. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu, hongereni kwa mtoto, na nafurahi kwamba bibi anakwenda kumpokea mjukuu wake. Swali lako limefunga pamoja mambo mawili: afya ya mama, na akiba yako. Naomba niyatenganishe. Ukiyaacha yalivyo, utajikuta unalipa bei ya daraja la biashara kwa ajili ya hofu ambayo daraja hilo peke yake haliiondoi.

Nianze na damu. Shemeji hakutunga. Damu kuganda ndani ya mishipa mikubwa ya miguu baada ya safari ndefu ni jambo la kweli, na bonge hilo likimeguka likaenda mapafuni linaweza kuua. Anapokosea ni kulilaumu daraja. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliohusu safari ndefu za ndege, basi, treni na gari dogo. Ilionekana kwamba mtu akikaa safarini saa nne au zaidi, hatari ya damu kuganda huongezeka takriban mara mbili, na kinacholeta hatari hiyo ni kukaa muda mrefu bila kujongea. Ila mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo: makadirio yao yalikuwa kama mtu mmoja kati ya 6,000.

Inavyotokea ni hivi. Damu hushuka miguuni kwa urahisi, lakini kurudi juu inahitaji kusukumwa, na kazi hiyo hufanywa na misuli ya mashavu ya miguu kila mtu anapopiga hatua. Ukikaa saa nyingi magoti yamekunjwa, misuli hiyo inalala, na ukingo wa kiti unabana nyuma ya goti kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Damu inazubaa, na damu inayozubaa hupenda kuganda. Abiria wa daraja la biashara aliyemeza kidonge cha usingizi akalala kama gogo usiku kucha hajaikwepa hatari hiyo. Abiria wa daraja la kawaida aliyekaa kiti cha njiani, akawa anainuka kila baada ya saa moja hivi, amejikinga vizuri. Wanaokaa dirishani ndio huinuka mara chache, kwa kuona haya kuwasumbua majirani, na hatari imeonekana kuwa kubwa zaidi kwao. Kwa hiyo kinga ya mama ni kiti cha njiani, kutembea, kuchezesha vifundo vya miguu juu na chini akiwa amekaa, na pengine soksi za kubana, ambazo nitazirudia. Maji anywe, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na pia kwa sababu anayekunywa maji hulazimika kuinuka kwenda msalani. Faida ya pili naiona kubwa kuliko ya kwanza. Aspirini asimeze kwa ajili ya safari tu kwa sababu jirani kasema; miongozo ya madaktari haiishauri kwa kazi hiyo.

Sasa rafiki yako na nyota zake. Nyota zinazotolewa na Skytrax, kampuni inayopima mashirika ya ndege, hupima shirika zima: huduma, chakula, usafi, kumbi za kupumzikia, viwanja. Nyie hamtapanda shirika zima. Mtapanda ndege moja, kwenye viti viwili, usiku mmoja, na shirika lilelile lenye sifa nyingi linaweza kuwa na ndege tatu tofauti kwenye njia moja, kila moja na viti vyake.

Tazama Boeing 777. Ilipoanza kuruka mwaka 1995, mashirika mengi yaliweka viti tisa kwa mstari katika daraja la kawaida. Leo mengi yameweka kumi, kwa mpangilio wa 3-4-3, yaani vitatu, njia, vinne, njia, vitatu, na upana wa ndege ni uleule. Kila kiti kimebaki na sentimita 43 hivi. Airbus A350 kwa kawaida ina viti tisa, 3-3-3, na kila kimoja kina upana unaokaribia sentimita 46. Boeing 787 iko katikati ya mvutano: mashirika karibu yote huijaza viti tisa vyembamba, lakini Japan Airlines imeweka nane tu, 2-4-2, na tofauti hiyo unaisikia mabegani tangu dakika ya kwanza. Sentimita mbili au tatu zinaonekana ni kitu cha kupuuza ukiwa umekaa nyumbani. Baada ya saa saba, bega lako likiwa limeegemea bega la mtu usiyemjua, utazithamini.

Kuna kipimo kingine ambacho kwa urefu wako ni muhimu kuliko upana, nacho ni umbali kutoka kiti kimoja hadi kiti cha mbele yake. Katika daraja la kawaida mara nyingi ni sentimita 79 hadi 81, na mashirika ya Japani hufika 84 au 86 kwenye ndege nyingi za masafa marefu. Umbali huo unapimwa kutoka nukta moja ya kiti hadi nukta ileile ya kiti cha mbele, kwa hiyo unene wa mgongo wa kiti umo ndani yake. Kiti chembamba cha kisasa chenye 79 kinaweza kukuachia nafasi ya goti sawa na kiti kinene cha zamani chenye 81, ingawa sponji yake utailalamikia.

Ndege yenyewe ina jambo lingine ambalo wauzaji wa tiketi hawalitaji. Hewa ya ndani haibanwi hadi kufanana na ya ardhini. Katika ndege nyingi za zamani, mwili unakuwa kama uko juu ya mlima wa mita 2,400 hivi. Katika 787 na A350 kiwango cha juu ni kama mita 1,800, na unyevu ni afadhali kidogo. Mwenye afya njema huenda asitambue. Mtu wa miaka 67 mara nyingi hutambua: kichwa hakigongi sana, na uchovu wa kushuka ni mwepesi. Ndiyo maana, kama mashirika mawili yako bei moja, mimi naangalia kwanza aina ya ndege, kisha saa za kuruka, kisha kiti. Jina la shirika naliweka mwisho. Google Flights huonyesha aina ya ndege na nafasi ya miguu kwa kila safari, na tovuti ya aeroLOPA ina ramani za viti zilizochorwa kwa vipimo halisi, hata zinakuonyesha dirisha lililokosekana. Kumbuka tu kwamba shirika lina haki ya kubadilisha ndege hata siku ya safari, kwa hiyo ramani ni tegemeo zuri lakini haikupi uhakika kamili.

Kwenye saa ndipo watu wengi wanapotupa pesa, kwa hiyo nivumilie kidogo hapa.

Ndege yenu inaondoka Doha saa nane usiku. Japani iko mbele ya Doha kwa saa sita, kwa hiyo wakati huo Tokyo ni saa mbili asubuhi. Mtaruka saa kumi na kutua kama saa kumi na mbili jioni ya Tokyo. Maana yake ni kwamba usiku mtakaoulala angani, kule mnakokwenda ni mchana. Mkilala saa nane nzima kwenye kitanda kizuri, mtafika jioni mkiwa macho makavu, na usiku wa kwanza nyumba nzima italala isipokuwa nyinyi wawili na mtoto mchanga. Kinachofaa ni kulala saa nne au tano za mwanzo, kisha kuamka, kufungua dirisha, kula, kukaa macho, na kulala sawasawa saa tatu au nne usiku mkifika. Kwenda mashariki ndiko kunakoleta tabu zaidi, kwa sababu mwili wa mtu hukubali kwa urahisi kuchelewa kulala kuliko kulazimishwa kulala mapema. Mpeni mama siku kadhaa za kuzoea kabla hamjampangia matembezi.

Safari ya kurudi ina hesabu nyingine kabisa. Ndege nyingi za kutoka Tokyo kwenda Ghuba huondoka usiku, wakati mwili umeshazoea usiku wa Japani na unataka kulala. Halafu mnaruka mkiukabili upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, uleule uliowasukuma mlipokuwa mnakwenda. Safari hurefuka kwa saa moja na zaidi, mara nyingi inapita saa kumi na moja. Mnafika Doha alfajiri, na bado kuna ndege nyingine mbele. Kama mna pesa za kitanda kimoja tu katika safari nzima, kiwekeni kwenye njia hii ya kurudi. Najua karibu kila mtu hufanya kinyume, kwa sababu wakati wa kwenda ndipo pochi inakuwa na kitu na moyo una hamu. Lakini kwa saa zenu, kitanda cha kwenda mtakitumia nusu, na cha kurudi mtakitumia chote.

Tuje kwenye madaraja. Ndege ya kwanza, ya saa tano na nusu, sioni sababu ya kuilipia zaidi. Kutoa muda wa kupaa, kula na kutua, zinabaki saa tatu au nne, na mama anaweza kuzimaliza kwenye kiti cha njiani bila madhara. Daraja la kwanza sitaligusa: kwa anayetafuta usingizi tu, haliongezi kikubwa juu ya kitanda cha daraja la biashara.

Daraja la biashara linastahili sifa zake pale kitanda kinapolala sawasawa na kila abiria anapofika njiani bila kumruka mwenzake. Jina halikuhakikishii hayo. Ndani ya Boeing 777 za Emirates ambazo hazijakarabatiwa utakuta viti vya biashara vimepangwa 2-3-2, yaani kuna mtu aliyelipa mara nne na bado amekaa katikati. Qatar Airways ina Qsuite, iliyoanza mwaka 2017: mpangilio ni 1-2-1, kila kiti kina mlango wake, na baadhi ya viti vya katikati vinaunganika, jambo linalowafaa sana mama na mwana. Hata hivyo, Qsuite haimo kwenye kila ndege ya shirika hilo. Na kwa mtu wa sentimita 188, uliza au soma kuhusu sehemu ya kuingiza miguu. Vitanda vingi vina urefu wa kutosha, lakini miguu huishia kwenye kijitundu chembamba ambamo huwezi kugeuka.

Daraja la kati, lile linaloandikwa Premium Economy kwenye tiketi, wengi hulidharau kwa sababu halina kitanda. Mimi nadhani kwa magoti ya mama na urefu wako ndilo lililokaribia jibu. Umbali wa kiti hadi kiti huwa kama sentimita 97, kiti ni kipana, kinalala nyuma zaidi, na vingi vina sehemu ya kuegemeza miguu. Kwa mtu mwenye maumivu ya goti, kuweza kunyoosha mguu karibu wote ni nafuu kubwa kuliko mvinyo na shuka la hariri. Wakala wako hakukosea kulitaja, ila mwulize ni shirika lipi na ndege ipi. Qatar Airways haina daraja hilo. Emirates inalo kwenye baadhi ya ndege zake tu. Singapore Airlines, Cathay Pacific, EVA Air, ANA na Japan Airlines wanalo kwenye ndege nyingi za masafa marefu. Na hapa kuna jambo la kuwafaa: mwaka 2024 Japan Airlines ilianzisha safari zake yenyewe kati ya Doha na uwanja wa Haneda kwa kutumia 787-9, ndege ileile yenye viti nane kwa mstari, na ina daraja la kati. Mwambie wakala aiangalie kwa tarehe zenu. Haneda nayo iko karibu na katikati ya jiji, wakati Narita, uwanja mwingine wa Tokyo, iko kama kilomita 60 nje, na mama atakayeshuka amechoka ataijua tofauti hiyo.

Kuna hesabu ninayopenda kumpa kila anayeniuliza kuhusu bei. Chukua tofauti ya bei kati ya daraja la kawaida na lile unalolitaka, uigawanye kwa saa utakazolala kweli, usihesabu saa zote za kuruka. Kwenu, daraja la biashara kwenda na kurudi litawapa saa tano za usingizi wenye faida mkienda, na labda saba mkirudi. Saa kumi na mbili hivi kwa kila mtu, kwa nyongeza ya mara tatu ya nauli nzima. Kama akiba yako isingeumia, ningekuambia chukua bila kusita. Umesema itaisha yote, na mnakwenda kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, ambako dharura ndogo ndogo hazikosi. Kwa hiyo sikushauri.

Ushauri wangu ni huu. Kateni daraja la kawaida kwenye ndege fupi na daraja la kati kwenye ndege ndefu, kwenda na kurudi, mkiipata kwa bei inayovumilika. Mkiikosa, kateni daraja la kawaida kwenye A350 au kwenye 787 ya viti nane, kisha mtumie sehemu ya akiba kununua viti mnavyovitaka. Kwenye mpangilio wa 2-4-2, chukueni jozi ya pembeni: mama njiani, wewe dirishani, hakuna mtu wa tatu wa kumruka. Kwenye 3-3-3 kuna njia ambayo familia nyingi hazifikirii: mama akae kiti cha njiani cha safu ya pembeni, wewe kiti cha njiani cha safu ya katikati, mkiangaliana ng'ambo ya njia. Kila mmoja ananyoosha mguu na kuinuka atakavyo, na mkono wako bado unamfikia. Mstari wa mlango wa dharura una nafasi kubwa, lakini mama hataruhusiwa kukaa hapo, kwa sababu anayekaa pale lazima awe na uwezo wa kusaidia kufungua mlango na kutoka haraka. Viti vya mbele kabisa, vinavyotazama ukuta, vina nafasi ya goti, ila meza imefichwa kwenye mkono wa kiti, kwa hiyo kiti ni chembamba kidogo na mkono haunyanyuki. Tena hapo ndipo vitanda vya watoto wachanga vinapotundikwa.

Najua wazo moja litakujia, kwa kuwa watoto wengi wema hulifikiria: mama apande biashara, wewe ukae nyuma. Linawezekana, na kwa mama anayejitegemea na anayeelewana na wahudumu kwa lugha ni zawadi nzuri. Lakini wahudumu kwa kawaida hawaruhusu abiria wa nyuma kwenda kukaa na ndugu yake mbele. Kama anahitaji mkono wako kuinuka, au mtu wa kumtafsiria, atakaa saa kumi kwenye kiti kizuri akiwa na wasiwasi. Muulize yeye mwenyewe kwanza, na umuulize kwa namna ambayo ataweza kukataa.

Kuhusu kupandishwa daraja bure, usiweke matumaini. Kuvaa suti hakusaidii. Mashirika huanza na wanachama wao wa ngazi za juu na waliolipa nauli kubwa. Mashirika mengi siku hizi hukutumia barua pepe ukiwa umeshakata tiketi, wakikutaka utaje kiasi ambacho uko tayari kuongeza ili upande juu. Hilo lijaribu kwa safari ya kurudi, kwa kiasi ambacho hakitakuuma, na usikasirike wakikataa. Angalia kwanza kama nauli yako inaruhusu, kwa sababu zile za chini kabisa mara nyingi haziruhusu.

Nauli za chini zina mengine pia. Ndani ya daraja moja la kawaida mna nauli nyingi, na ile inayong'aa kwenye skrini kwa bei ndogo huenda haina begi la kupakiwa, haina uchaguzi wa kiti, na haibadiliki tarehe. Bibi anayekwenda kwa mjukuu mara nyingi huongeza wiki mbili. Lipieni nauli inayobadilika kwa ajili yake. Kwa maoni yangu hiyo inawafaa kuliko ukumbi wa kupumzikia.

Safari nzima iwe tiketi moja, namba moja ya buking, hadi Tokyo. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu jumla yake ni ndogo, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haina wajibu wa kukungoja wala kukupa nafasi nyingine, na huenda mkalazimika kuchukua mizigo Doha na kuikabidhi upya. Kwenye tiketi moja, mkikosa kuunganisha ni kazi ya shirika kuwatafutia ndege nyingine. Soma pia mstari mdogo unaosema ndege inaendeshwa na nani. Mashirika rafiki huuziana viti, na unaweza kuwa umekata kwa jina la shirika moja ukapanda ndege ya jingine, yenye viti vingine na masharti mengine ya kuchagua kiti. Huo ndio mstari utakaokuambia kama kweli umeipata ile 787-9.

Kwa magoti ya mama, omba kiti cha magurudumu cha uwanjani. Ni huduma isiyolipiwa, na iombwe wakati wa kukata tiketi au angalau saa 48 kabla ya safari. Kwenye buking itaandikwa WCHR kama anapanda ngazi mwenyewe, WCHS kama ngazi zinamshinda. Chagua kwa ukweli, kwa sababu wakati mwingine ndege huegeshwa mbali na abiria hupanda kwa ngazi. Wazee wengi hukataa kwa heshima yao, wakidhani ni kukiri ugonjwa. Mweleze kwamba kiwanja cha kuunganishia ndege ni kikubwa, kwamba ni usiku wa manane, na kwamba nguvu za magoti zinahitajika kwa kumbeba mtoto.

Mpelekeni kwa daktari wake wiki kadhaa kabla ya safari, hata kama anajisikia vizuri. Mwulizeni mambo matatu. Je, soksi za kubana zinamfaa, za kiwango gani, na zipimwe mguuni kwake? Soksi za saizi isiyo yake hubana pabaya, na mwenye matatizo ya mishipa ya kupeleka damu miguuni hapaswi kuzivaa bila ushauri. Dawa za presha azimeze saa ngapi siku ya kuvuka saa nyingi namna hii? Na je, ana lolote linalompandisha kwenye kundi la hatari kubwa: amewahi kuganda damu, amefanyiwa upasuaji hivi karibuni, hasa wa goti au nyonga, ana saratani, anatumia dawa za homoni, au ana ugonjwa wa moyo au mapafu? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, achaneni kwanza na ushauri wangu wa viti. Daktari ndiye atakayesema kama asafiri na kwa kinga gani. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Japani huruhusu dawa za kawaida za kuandikiwa na daktari kwa matumizi ya hadi mwezi mmoja. Akikaa zaidi na kutaka kubeba nyingi, inatakiwa kibali kinachoombwa kabla ya kusafiri, na baadhi ya dawa za mafua na za maumivu zinazouzwa kwingineko bila shida kule zimezuiwa. Hilo nalo liulizeni mapema, ubalozini.

Mkishafika, vifundo vya miguu yote miwili vikiwa vimevimba kidogo msishtuke, kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili akitembea na kuinua miguu. Kinachotaka hospitali siku hiyohiyo ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, kuuma kwenye shavu la mguu, kuwa wa moto au kubadilika rangi, na hilo linaweza kutokea hata wiki mbili tatu baada ya safari. Akibanwa na pumzi ghafla, akaumwa kifua anapovuta hewa, au akakohoa damu, mdogo wako apige 119 papo hapo, ndiyo namba ya gari la wagonjwa nchini Japani, na awaambie wahudumu kwamba mama ametoka kwenye safari ndefu ya ndege.